Mbao za Magurudumu kwenye Sakafu ya Ulezi

Sifa na shukrani kwa Mungu Mwenyezi, aliyeupa mlima mteremko, kisha kwa huruma yake akauwekea mteremko mwisho. Ndiye aliyenilinda nilipokuwa mtoto nisiyejua breki, akanilinda nilipokuwa fundi mwenye msumeno mkali, na leo ananiamsha kila asubuhi na magoti yanayonung'unika lakini bado yanapigika mbele zake. Nikiisha kumpa haki yake, wanangu na wajukuu zangu, sasa naweza kuanza.

Nawaandikia ninyi mnaoteleza jioni kwenye lami ya Mazwi, wale ambao akina mama wa maandazi wanawaita wendawazimu wa magurudumu. Wawili wenu, Neema na Gasto, walikuja nyumbani kwangu Milanzi wakiwa na kitu kimefungwa kwenye mfuko wa salfeti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mmeniletea nini, kigoda?"

Neema akacheka. "Siyo kigoda, babu. Ni skeitibodi ya kizamani. Tumeikuta kwenye belo la mitumba. Tumeambiwa wewe ni fundi."

"Nilikuwa fundi. Sasa ni mzee mwenye randa."

Niliugeuza ubao ule juu chini, nikabonyeza vimpira vya ekseli kwa kidole gumba. Vilikuwa vimekauka kama mkate wa juzi. Nikawaambia wakate vipande kwenye tairi chakavu la pikipiki, wavitoboe katikati, na ubao utajifunza tena kupinda kona. Gasto akamgeukia mwenzake akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mshikaji, huyu mzee haya mambo kayajulia wapi?"

"Nyamaza, anasikia."

"Nasikia," nikasema.

Basi leo nalijibu swali la Gasto. Nitalijibu kwa kuzungukazunguka, kwa maana sisi mafundi wa zamani hatujui kunyoosha kitu ila mbao.

Niliyajulia kwenye sakafu. Wakati wetu mji huu haukuwa na lami. Barabara zilikuwa za udongo mwekundu, kiangazi vumbi, masika tope la kumeza kiatu. Mahali pa saruji, pana na laini, palikuwa mahali pamoja tu upande wetu: sakafu ya kuanikia nafaka, nyuma ya ghala la misheni. Hapo ndipo Bruda mmoja kijana, mtawa mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja kufundisha ufundi wa injini, alipotuonyesha ubao wake. Ulikuwa mwembamba kama mkono wa mtu, bapa, wenye magurudumu mekundu laini kama sabuni ya kipande. Alipanda juu yake na kanzu yake yote, akatoka pembe hii hadi pembe ile bila kuinua mguu. Sisi watoto tulipiga kelele mpaka mbuzi wa misheni wakakata kamba.

Muhula wake ulipokwisha alituachia ubao ule, tuwe nao kwa pamoja. Tuliuita Ubao wa Bruda. Tuliupanda kwa zamu, tukaupanda hadi magurudumu yakaisha kama sabuni yanavyoisha, kidogo kidogo, bila mtu kukubali kwamba yanaisha.

Lakini sakafu haikuwa yetu. Lazima mlielewe hilo, kwa kuwa kila kitu kinasimama hapo. Sakafu ilikuwa ya akina mama, na msimamizi wao alikuwa Mama Skolastika, mjane mwenye sauti ya kengele ya kwanza. Ulezi si mahindi. Punje yake ni ndogo kama kichwa cha pini, na mchanga ukishaingia hautoki, utautafuna kwenye ugali mpaka Pasaka. Kwa hiyo desturi ilikuwa kwamba hakuna mtu anayekanyaga sakafu ile na viatu, awe mtoto, awe katekista, awe Baba Paroko mwenyewe. Unavua pembeni, unapangusa nyayo, ndipo unaingia. Ulezi ukiwa umeanikwa, sisi hatukuruhusiwa hata kuuangalia kwa muda mrefu. Ukishazolewa na sakafu kufagiwa, Mama Skolastika alipiga mlango wa ghala mara moja kwa kiganja. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Tulimwagika kama maji.

Huko ndiko nilikojifunza kuteleza, pekupeku, na nawaambia kweli mguu mtupu unausikia ubao kuliko kiatu chochote. Ninyi vaeni viatu, maana lami haina huruma. Ila siku moja moja vueni, mahali pasafi, mjue nasema nini.

Magurudumu ya Bruda yalipokwisha, nilikuwa nimeshaingia karakana ya misheni kujifunza useremala. Fundi mkuu alikuwa Fundi Rajabu, mtu wa Kipili, mjenzi wa mashua za Ziwa Tanganyika. Misheni ilimwita apande huku juu kutengeneza mabenchi ya kanisa jipya, naye akaja na msumeno, shoka dogo, patasi zake na mkeka wa kuswalia. Alitengeneza mabenchi ya Wakatoliki wiki nzima, na saa ya swala ilipofika aliyafagia maranda pembeni, akatandika mkeka kati ya benchi na benchi. Nilimuuliza siku moja kama haoni taabu.

"Taabu ipi?" akasema. "Mwenye kukaa atakaa kumwomba Mungu. Benchi likilegea, atamwomba huku anafikiria mgongo wake. Kaza hiyo skrubu."

Kwake nilijifunza kwamba ibada nyingine iko kwenye skrubu. Mwana wa Mungu mwenyewe alilelewa kwenye vumbi la randa, na sijawahi kulipuuza vumbi hilo.

Fundi Rajabu aliutazama Ubao wa Bruda ukining'inia ukutani bila magurudumu. "Hii mashua haina kichwa wala mkia," akasema. Jumamosi ileile akanionyesha jinsi mbao inavyopindwa. Sikilizeni wale wenye kupenda kutengeneza. Chagua mninga uliopasuliwa kufuata nyuzi zake, usiokatwa kuzivuka. Chemsha maji kwenye pipa, weka chanja juu, laza mbao kwenye mvuke, funika kwa magunia. Usihesabu saa. Jaribu kwa ukucha: ukiacha alama, imekubali. Kisha usipoteze muda hata wa kupiga chafya, ibane kwa jiliwa kwenye kalibu, lile gogo lenye umbo unalolitaka, uiache hapo mpaka iipende hali yake mpya. Ukiifungua mapema itarudi ilikotoka, kama mtu aliyeungama haraka haraka. Hivyo ndivyo yeye alivyopinda mbavu za mashua, na hivyo ndivyo mbao zetu zilivyopata mkia wa kukanyagia. Magurudumu tulifanya beringi chakavu za malori, tukazipachika kwenye ekseli za mti mgumu. Juu tuligandisha msasa ili nyayo zisiteleze. Kwenye saruji zilinguruma kama mashine ya kukoboa, na utamu wake ulikuwa huohuo.

Nisije nikawafanya mdhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Ubao wangu wa kwanza wa peke yangu niliutengeneza kwa msindano, kwa sababu msindano ni mlaini na mimi nilikuwa mvivu wa kupiga randa. Nikaacha kifundo katikati, kizuri, cha mviringo, nikaona ni pambo. Katekista wetu, mtu mwenye mwili wa baraka, akapita, akasema, "Hata mimi nilikuwa kijana," akavua viatu akapanda. Ubao ulivunjika palepale kwenye pambo langu. Katekista alijikuta amekaa sakafuni, miguu mbele, kipande huku na kipande kule. Akatutazama kwa utulivu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele, amina," tukaitika wote.

Fundi Rajabu aliokota vile vipande, akanipa. "Kifundo ni mahali tawi lilipotokea," akasema. "Mti wenyewe ulishaamua kuachana hapo. Wewe umeulazimisha uungane." Tangu siku hiyo, iwe kiti, dawati au jeneza, nimekipisha kifundo pembeni, pasipo na uzito.

Sasa niwaeleze kosa kubwa zaidi, ambalo nusura litumalize, na ambalo lisingeweza kutokea mahali pengine ila hapa, kwa watu wa baridi wanaofundishwa na mtu wa joto.

Ilikuwa Julai, kwenye sikukuu ya msimamizi wa parokia. Baba Paroko alikuwa ameturuhusu tuonyeshe mbao zetu baada ya Misa, mbele ya watu wote. Rafiki yangu Deo, mtoto wa jirani, mwenye miguu ya swala na mdomo wa redio, alichaguliwa kutangulia. Jioni ya kuamkia siku hiyo Fundi Rajabu alizikagua beringi, akaziona kavu. Akachukua chupa yake ya mawese aliyoletewa kutoka ziwani, akazijaza moja moja. Kipili kila kitu kinapakwa mawese: bawaba, kapi, hata magoti ya wazee. Zilizunguka kimya, tukalala tukiwa na furaha.

Mnajua asubuhi za Julai za Ufipa. Upepo unapita kwenye mabega kama wembe, na mvuke wa mdomo unatangulia kabla ya salamu. Misa ilikwisha, watu wakaizunguka sakafu wamejifunika mashuka, Mama Skolastika mbele kabisa na wajane wenzake. Deo akauweka ubao chini, akainua mkono.

"Angalieni ninavyopaa!"

Akasukuma kwa nguvu zake zote. Ubao ulibaki. Deo akaondoka.

Aliteleza kwa tumbo mpaka karibu na miguu ya Baba Paroko, na watu wakacheka hadi mashuka yakadondoka. Fundi Rajabu alikimbilia ubao, akajaribu kuzungusha beringi kwa kidole. Haikuzunguka. Ndani yake mawese yalikuwa yameganda, ya njano, magumu kama sabuni.

"Subhanallah," akasema. "Huku kwenu hata mafuta yanalala!"

"Kumbe hicho ndicho kinachopaa?" Mama Skolastika akauliza. "Kuku wangu anapaa zaidi akiwa ameatamia."

"Mama, ni baridi yenu hii. Kwetu ziwani saa hizi mawese yanamiminika kama maji."

"Mtu wa ziwani, huku kila kitu kinaganda, hata maneno. Ndiyo maana mimi nasema machache."

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye, kwa kuwa wote walimjua kwa maneno mengi. Alicheka pia. Natamani siku ile ingeishia hapo.

Tuliziweka mbao juani, kwenye ukuta wa ghala. Jua la huku ni kali hata siku ya baridi, na mchana ulipofika beringi zilikuwa zinazunguka zenyewe. Sitaki kujisifu, lakini tuliteleza siku ile kama mbayuwayu. Deo alizunguka sakafu nzima kwa mguu mmoja, na akina mama wakapiga vigelegele. Hatukuona, au tuliona tukapuuza, kwamba kila beringi ilikuwa inaacha mstari mwekundu nyuma yake. Jioni tulipangusa kwa magunia. Baridi ilikuwa imerudi, sakafu ikaonekana safi na kavu. Hatukujua kwamba mafuta yalikuwa yameingia kwenye vinyweleo vya saruji na kulala humo.

Kesho yake wajane walianika ulezi wao. Asubuhi hapakuwa na neno. Jua lilipopanda, sakafu ikapata joto, na mawese yakaamka.

Tulikuwa karakana tuliposikia tunaitwa. Mama Skolastika, akikasirika kidogo, alisema Kifipa. Akikasirika sana alisema Kiswahili, ili Fundi Rajabu asikose hata neno moja. Siku ile aliongea Kiswahili, tena kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuwa amechota ulezi kwa viganja viwili. Haukumiminika. Ulikuwa umeshikana madonge mekundu.

"Nusa, Fundi," akasema.

Fundi Rajabu akanusa.

"Huu ni ulezi wa wanawake wasio na mtu wa kuwalimia. Nani atausaga?"

Fundi akachukua donge moja, akalifinya kati ya vidole.

Baba Paroko alikuja, akavua viatu kama desturi, akautazama ulezi, akatutazama sisi. "Sakafu ni ya akina mama," akasema. "Wakisema hapana, mimi nani? Mama Skolastika, utakavyoamua ndivyo itakavyokuwa."

"Mbao zikae ndani ya ghala," akasema yeye. "Nikishapoa nitasema kama zinarudi au zinaingia jikoni kupikia maharage."

Mlango wa ghala ukafungwa, na mbao zetu zote zikiwa ndani.

Ninyi mnaweza kuuliza, si mngetafuta mahali pengine? Hapakuwepo. Lakini kwangu mimi hata sakafu haikuwa jambo kubwa kuliko yote. Fundi Rajabu alilipa ulezi kwa ulezi, alikwenda mwenyewe sokoni akarudi na magunia. Wajane waliyapokea, wakashukuru, na wakaacha kumtania. Wanawake waliokuwa wakimpigia kelele kila asubuhi, "Mtu wa ziwani, umeamka au umeganda?", sasa walipita karakana wakitazama njia. Mtu ugenini anaweza kuvumilia kutukanwa. Kunyamaziwa ni kitu kingine. Jioni moja nilimkuta anazifunga patasi zake kwenye kitambaa, moja moja, kama mtu anayemviringisha mtoto nguo.

"Mabenchi hayajaisha, fundi," nikasema.

"Utayamaliza wewe."

"Mimi sijui kupinda mbao za mgongo."

"Unajua. Hujui kwamba unajua." Akaendelea kufunga. "Mimi nimekuja huku kuwatengenezea watu mahali pa kukaa, nikawaharibia chakula. Ziwa linaniita, Leonsi."

Kama angeshuka kwenda Kipili wiki ile, mimi ningekuwa mpigilia misumari tu, mpaka leo. Nililijua hilo wakati uleule, sikuhitaji uzee kunifundisha. Usiku ule nilisali rozari yangu kwa ajili ya Mwislamu mmoja na mbao za magurudumu, na sidhani Bikira Maria alishangaa. Ameshasikia mengi kutoka Ufipa.

Asubuhi nilimwambia, "Fundi, kabla hujaondoka, tuisafishe sakafu."

Hilo hakuweza kulikataa. Tuliomba majivu jikoni kwa masista, tukachemsha maji, tukamwaga majivu na maji ya moto, tukasugua kwa mafagio ya miti. Deo alikuja, na wengine wote wakaja. Fundi Rajabu alipiga magoti akasugua kuliko sisi sote. Ndiyo dawa ya mafuta kwenye saruji, ishikeni: majivu, moto, na aibu kidogo.

Tukiwa tunasugua, Mama Skolastika alikuwa anahamisha magunia ya mahindi kutoka ukumbini kwenda ghalani. Aliweka gunia kichwani, akaenda hatua chache, akasimama ameshika nguzo, mkono mmoja kiunoni. Akapumua. Akaendelea. Akasimama tena. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka yote bila kumwona. Fundi Rajabu aliacha kusugua, akamtazama mpaka alipoingia ndani.

"Mama," akamwita alipotoka. "Mbao zile umezifungia ndani. Zikiunganishwa mbili, zinabeba gunia."

"Vitu vyako vinavuja, Fundi."

"Visipovuja?"

Mama Skolastika akaonyesha vidole viwili. "Chukua mbili," akasema. "Mbili tu."

Na hapa ndipo nilipojifunza kitu kikubwa kuliko vyote katika kazi yangu. Mimi nilidhani tutazikausha tu beringi, tuzitumie bila mafuta. Fundi akakataa. Beringi kavu inajila yenyewe, na unga wa chuma kwenye ulezi ni mbaya kuliko mawese. Alinituma gereji ya misheni kuomba grisi ya trekta, kidogo tu. Kisha akatoa kwenye sanduku lake pamba, utomvu na kipande cha ngozi ya ng'ombe, vifaa vya kalafati, vile anavyozibia mianya ya mashua.

"Maisha yangu yote nimezuia maji yasiingie," akasema. "Hebu tuone kama naweza kuzuia mafuta yasitoke."

Nilizichemsha beringi zile kwenye maji ya majivu mpaka zikawa nyeupe. Nikazipaka grisi kiasi cha punje ya harage. Kila upande tulikata kikofia cha ngozi, tukakizungushia uzi wa pamba uliopakwa utomvu, tukakikaza dhidi ya mti. Vikofia vya kwanza nilivikata vikubwa, vikashika gurudumu. Vya pili vidogo, vikaachia mwanya. Fundi hakunikemea. Alikuwa anavichukua tu, anavitupa dirishani, ananipa ngozi nyingine. Ngozi ilipokaribia kwisha, ndipo mkono wangu ulipoelewa. Baadaye, miaka na miaka, nimetengeneza madirisha yasiyopitisha upepo wa Julai, na watu wameniuliza siri. Siri ni vile vikofia vilivyotupwa dirishani.

Tuliunganisha mbao mbili, tukazipeleka sakafuni juani, tukaziacha hapo zipate joto, ili kama ni kuvuja zivuje. Wajane walikuwepo, wamekaa ukutani kimya. Baba Paroko alisimama mlangoni. Mama Skolastika akaja, akavua ndara zake, akaingia sakafuni.

Nilidhani angezipitisha juu ya gunia tupu. Hakufanya hivyo. Alipeleka mikono kichwani akafungua kitambaa chake cheupe, kile cha chama cha akina mama, anachokivaa siku za Misa. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa mvi tupu, fupi, kama za mtoto. Akakikung'uta, akakitandaza juu ya saruji, akakinyoosha pembe zake kwa vidole.

"Hiki kimekwenda mbele ya altare," akasema. "Pitisha hapo, Fundi. Kikitoka na doa, jikoni kuna maharage."

Fundi Rajabu hakusogea. Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyezifunga," akasema. "Sukuma."

Niliweka mikono kwenye ubao. Nikasema kimoyomoyo jina la Yesu, nikasukuma. Beringi zilipanda juu ya kitambaa bila sauti, kwa maana kitambaa kiliumeza mngurumo wake, zikapita, zikashuka upande wa pili, na mngurumo ukarudi kwenye saruji.

Mama Skolastika akainama. Akakiokota kwa pembe mbili, akakiinua kwenye jua, akakitazama uzi kwa uzi. Akakigeuza. Akakinusa, tena akakinusa kwa muda mrefu kuliko tulivyoweza kushika pumzi. Kisha akakizungusha kichwani na kukifunga kwa nyuma, fundo lake lilelile la siku zote.

Mmoja wa wajane alipiga kigelegele, akajikatiza kana kwamba amekosea.

"Haya, mtu wa ziwani," akasema Mama Skolastika. "Umeganda? Gunia halijipandishi lenyewe."

Fundi Rajabu alicheka. Alicheka akiwa tayari anakimbia, akabeba gunia la kwanza akalilaza juu ya mbao. Mama Skolastika alilisukuma yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja. Lilikwenda. Alilifuata taratibu, mgongo umenyooka, mpaka likaingia ghalani, na kutoka humo ndani, gizani, tukamsikia akicheka peke yake kama msichana. Ndipo kiganja kikagonga mlango, mara moja.

Wanangu, Mungu aliyewapa miguu ya kusimama juu ya kitu kinachokimbia awape pia jicho la kumwona anayepumzika amebeba. Awainue kila anguko kama alivyotuinua sisi, mifupa ikiwa mizima na midomo ikicheka. Na wewe unayesoma haya, kijana au mzee, wa kwetu au wa ugenini, akubariki kazini na mchezoni, kazi yako isivuje, na siku yako ya kupimwa ikifika, kitambaa chako kitoke cheupe. Amina.